Dawa za Immakulata

Kashozi mtu anaruhusiwa kuumwa vitu vingi. Anaruhusiwa kuumwa malaria, mgongo, presha, vidonda vya tumbo, hata kisukari, na majirani watakuja na mkungu wa ndizi kumpa pole. Lakini mwanaume mwenye kibanja cha migomba na kahawa, miguu yake miwili mizima, akilala mpaka saa nne asubuhi bila homa, huyo haumwi. Huyo ni mvivu, au amerogwa, au mkewe amemshika vibaya. Kwa Avit watu walishamaliza habari za uvivu na za uchawi. Sasa walikuwa wanamgeukia mkewe.

Immakulata alilijua hilo kwa sababu mama mkwe wake hakuwa mtu wa kunong'ona. Asubuhi ile bibi alikuwa amesimama katikati ya migomba, anayaangalia majani makavu ambayo hayakukatwa tangu msimu uliopita, na anaongea kwa sauti ya kufika hadi kwa jirani wa tatu.

"Baba yake angefufuka leo angerudi kaburini mwenyewe. Kibanja kimekuwa pori. Na huyo mwenye mke bado kalala."

"Mae, mwanao anaumwa," Immakulata alisema.

"Anaumwa nini? Kitaje."

Hapo ndipo alipokwama. Kwa miezi mitano Avit alikuwa amepimwa kila kitu kinachopimika. Malaria hakuna, taifodi hakuna, tumbo limepigwa picha na halina kitu. Hata hivyo kichwa kilimuuma, mgongo ulimuuma, chakula alikisukuma pembeni, na suruali zake alizifunga kwa kamba. Alikuwa mwalimu wa kwaya parokiani, sauti yake ikijulikana toka huko hadi Nyanga, na sasa hata redio ikiimba alikuwa anaizima. Dawa za presha alizokuwa anameza miaka yote aliziacha. Mkewe alipomuuliza kwa nini, alijibu, "Za nini?"

Yote hayo Immakulata aliyavumilia. Kilichomtisha ni neno moja alilolisema Avit siku walipokuwa wanamenya ndizi, polepole, kama mtu anayeongelea mvua. Alisema kwamba yeye asingekuwepo, Immakulata, Anna na wadogo zake huko shule ya bweni wangepumua. Kisu kilimponyoka Immakulata mkononi. Kesho yake alimwambia mama mkwe kwamba mama yake mzazi huko Muleba ni mgonjwa na wanakwenda kumwona. Ulikuwa uongo. Alichagua Muleba kwa sababu kila benchi la hospitali ya Bukoba mjini lina mtu wa Kashozi.

*

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Evodia, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakuanza na sindano wala kipimo. Alivuta kiti akakaa mbele ya Avit, akamuuliza, "Baba, mara ya mwisho kufurahia kitu ilikuwa lini?"

"Kufurahia?"

"Ndiyo. Chakula, mpira, wimbo kanisani. Chochote."

Avit alifikiri. Alifikiri muda mrefu hadi Immakulata akaona aibu kwa niaba yake. Kisha machozi yakaanza kumtoka, bila kilio, yanashuka tu, na yeye hayafuti. "Sikumbuki, sista," alisema.

"Usingizi?"

"Nalala kidogo, halafu naamka kabla ya jogoo. Nabaki na macho."

"Na mawazo kwamba afadhali usingekuwepo, yanakuja?"

Avit alimtazama mkewe, halafu akainamisha kichwa. "Yanakuja."

Immakulata alitegemea muuguzi ashtuke. Evodia hakushtuka. "Asante kwa kuniambia," alisema, akaandika. "Watu wengi wanakaa hapo ulipokaa na hawalisemi. Sasa nisikilizeni wote wawili. Huu ni ugonjwa, na unaitwa sonona. Si uvivu, wala hujarogwa. Unaanzia kwenye ubongo, halafu unashuka mwilini. Unaharibu usingizi, tumbo, mgongo, hata nguvu za ndoa. Ndiyo maana wamekupima kila mahali hawajaona kitu. Na presha yako imepanda kwa sababu mtu mwenye sonona haoni sababu ya kumeza dawa."

"Ni kichaa?" Avit aliuliza. Swali hilo alikuwa amekuja nalo toka nyumbani.

"Kichaa ni neno la mtaani. Kwenye daftari langu halimo."

"Unapona?"

"Unatibika, baba. Lakini hautibiki kwa siku mbili."

Akawaeleza. Kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai. Wiki mbili za mwanzo asitegemee kitu, labda kichefuchefu na mdomo kukauka, na hapo ndipo wengi wanapozitupa dawa chooni. Nafuu huanza wiki ya tatu, ya nne. Akipata nafuu asiache, maana akikatisha ghafla ugonjwa unaweza kurudi na nguvu zaidi. Dawa za presha arudie. Kila mwezi aje wakae, waongee. Mawazo yale yakizidi, asisubiri mwezi, aje siku hiyo hiyo. Wakati wanaaga alimshika Immakulata mkono. "Na wewe usiubebe huu mzigo peke yako. Tafuta mtu mmoja unayemwamini."

Nje, chini ya paa la mabati la kusubiria wagonjwa, Avit alimsimamisha mkewe. "Mtu asijue," alisema. "Umesikia? Miezi miwili ijayo ukoo unakaa kumaliza matanga ya baba. Wanamweka musika. Ukijulikana huu ugonjwa, kiti anapewa Julius."

Hakuhitaji kumweleza zaidi. Musika ndiye mrithi mkuu, ndiye anayekalia kiti cha baba na kushika mkuki wake, na nyumba kubwa pamoja na kibanja chenye makaburi huwa vyake kuvitunza. Julius, mdogo wake Avit, alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Kashai, Bukoba mjini, na kibanja alikuwa anakitazama kwa jicho la mtu anayetazama kiwanja. Alishasema waziwazi kwamba upande wa barabarani ungeuzika vizuri.

"Niapie," Avit alisema.

Immakulata akamwapia.

*

Sasa, watu waliofunga ndoa kanisani wana wasimamizi, mume na mke wenye ndoa ya miaka mingi, wanaosimama nao altareni. Kazi yao haiishii kwenye picha za harusi. Ndoa ikipata ufa, unakwenda kwao kabla ya kwenda kwa wazazi, kabla ya padre. Wasimamizi wa Immakulata walikuwa Gaudiosa na mumewe Kahangwa. Kwa miaka kumi na saba Gaudiosa alikuwa amesikia kila kitu cha nyumba ile, mimba iliyoharibika, ugomvi na mama mkwe, hata ile safari Avit alipomtazama mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza zaidi ya inavyotakiwa. Hakuna kilichowahi kutoka. Kwa hiyo muuguzi aliposema mtu mmoja unayemwamini, Immakulata hakuwa na wa kuchagua. Alikuwa naye tayari.

Alimkuta anaanika kahawa. Wakakaa kwenye mkeka, na Immakulata akaongea hadi sauti ikamkauka. Gaudiosa alilia naye. "Mwanangu, hili linaishia hapa kwangu," alisema, akagusa kifua.

Immakulata alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Na mambo yakaanza kumnyookea. Wiki mbili za kwanza Avit alitapika na kununa. Ya tatu alilala mpaka alfajiri bila kuamka, akashangaa mwenyewe. Ya nne alilalamika kwamba mboga haina chumvi, na Immakulata, ambaye kwa miezi mingi alikuwa anapika chakula kisichosemwa lolote, alikwenda jikoni akacheka peke yake. Ya tano Avit alichukua panga akaingia kwenye migomba. Alikata majani makavu mistari miwili, akapumzika, akakata wa tatu. Bibi alimwangalia kutoka barazani akasema, "Leo jua limetokea wapi?"

Wiki hiyo hiyo Julius alikuja kusalimia. Alileta mkate na sukari, akamsifia kaka yake kwa kunenepa. Alikunywa chai taratibu, halafu akauliza, kwa upole kabisa, "Na zile dawa za Muleba, kaka, zinakupenda?"

Avit aliweka kikombe chini, akageuza kichwa kumtazama mkewe. Hakumtazama kwa hasira. Laiti angemtazama kwa hasira.

Julius alipoondoka, Immakulata alikimbia. Hakutembea, alikimbia, khanga mkononi, mpaka kwa Gaudiosa.

"Nani amemwambia Julius?"

Gaudiosa alikuwa anapepeta maharage. Aliendelea kupepeta. "Mimi nilimwambia Kahangwa tu."

"Ulisema linaishia kwako!"

"Usimamizi ni wa watu wawili, mwanangu. Ningemfichaje mume wangu? Yeye naye ana haki ya kuwaombea." Akachagua jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Labda kwenye lubisi ulimi ulimteleza. Wanaume wakinywa, unawajua. Lakini hakuna aliyekusudia ubaya."

Immakulata alisimama pale anautazama ungo unapanda na kushuka. Alitaka kuupiga teke. Alichosema ni, "Asante, mama," kwa sababu miaka kumi na saba ilikuwa imemfundisha kusema hivyo akiondoka kwenye ua ule. Njiani alijichukia kwa asante hiyo kuliko kwa kila kitu.

Nyumbani, Avit alikuwa amekaa kitandani. "Uliniapia," alisema. "Nilikuwa na mtu mmoja duniani. Umeniuza."

Akalala, akajifunika hadi kichwani. Kesho yake hakumeza dawa, wala kesho kutwa. Siku ya tatu Immakulata alipiga magoti kando ya kitanda, kidonge kwenye kiganja, akamsihi. "Nichukie," alisema. "Nichukie kadiri unavyotaka, ila umeze. Nitafanya lolote." Avit alikipokea bila kumgusa vidole.

*

Siku ya kikao wanaume wa ukoo walijaa uani, wazee kwenye viti, wengine kwenye mabenchi ya kuazima kigangoni. Wanawake walikuwa nyuma jikoni, wanamenya ndizi. Mkuu wa ukoo, Mzee Rwegasira, kaka wa marehemu, alizungushiwa kisahani cha kahawa za kutafuna, akachukua mbili, akasema maneno ya kufungua. Kisha Julius akaomba kusimama.

"Wazee wangu, kaka yangu nampenda," alianza, na jikoni Immakulata akaacha kumenya. "Ndiyo maana nasema kwa uchungu. Kaka anaumwa kichwa. Anameza dawa za wagonjwa wa akili, anazifuata Muleba kwa siri. Mtu wa namna hiyo mkimpa mkuki na kibanja, kesho anakiuza kwa kreti ya bia na hajui alichofanya. Mzee Kahangwa yule pale, msimamizi wake wa ndoa. Mwulizeni."

Kahangwa alikohoa. Alisema yeye ni mgeni katika ukoo huu, ila alilolisikia kwa mkewe ndilo hilo.

"Na mimi dawa nimeziona," alisema mama mkwe kutoka mlangoni. "Kwenye kikopo cheupe. Za nani, sijaambiwa."

Minong'ono ikapanda. Rwegasira akainua mkono. "Mwiteni mkewe."

Alikuja na mikono imejaa utomvu mweusi wa ndizi, akapiga magoti mbele ya wazee kama inavyopasa. Wanaume zaidi ya thelathini walikuwa wanamtazama utosini.

"Waitu, mke wetu," Rwegasira alisema, "tunakuuliza neno moja tu. Zile dawa ni za kweli, au ni maneno ya watu?"

Immakulata aliinua macho amtafute mumewe. Avit alikuwa kwenye kiti cha mbele, amevaa shati jeupe alilopigiwa pasi na mkewe, anatazama viatu vyake. Akisema ndiyo, atakuwa amemuuza mara ya pili, safari hii mbele ya ukoo mzima, na yule mtu atarudi kitandani na hatatoka tena. Akisema hapana, kikopo kimeshaonekana. Alihesabu hayo yote katika muda wa kumeza mate.

"Ni zangu," alisema.

"Zako?"

"Ninaumwa mimi, baba. Sonona. Yeye ananisindikiza tu. Gaudiosa nilimweleza nikiwa nalia, labda hakunisikia vizuri."

Julius akaketi. Rwegasira alitafuna kahawa yake mpaka ikaisha. "Mke hakalii kiti," alisema hatimaye. "Ugonjwa wa mke ni wa nyumba yake, si wa mkuki. Avit, una neno?"

Hapo Immakulata alingoja. Hakujua anangoja nini, kwa sababu alichokisema alikisema ili kiaminiwe. Lakini moyo una tamaa zake. Avit alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi watu kumsikia akitoa ile sauti yake ya kwaya, nzito na safi.

"Nitamtunza mke wangu, wazee," alisema.

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mmoja alipiga makofi.

*

Wiki iliyofuata wakamweka. Avit alikalia kiti cha baba yake, akapewa mkuki, na wanawake wakapiga vigelegele. Mke wa musika hukaa mkekani kando ya kiti hicho. Asubuhi, kabla wageni hawajafika, shangazi wawili walimfuata Immakulata chumbani wakamwambia kwa huruma kwamba kwa hali yake afadhali apumzike, pasije pakatokea jambo mbele za watu. Mkekani akakaa shangazi mkubwa, Edvina. Immakulata alisikiliza vigelegele kupitia dirishani.

"Nitawaambia," Avit alimwambia jioni, mkuki umeegemezwa ukutani. "Niache kwanza nikizoee kiti. Nikisema sasa, Julius atasema nilikipata kwa uongo."

"Ulikipata kwa uongo," Immakulata alisema.

"Uongo wako, Mama Anna. Mimi sikukutuma."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma zaidi. Alisubiri. Pasaka ikapita, kahawa zikavunwa. Kila alipogusia, Avit alikuwa na sababu mpya.

Wakati huo huo ugonjwa aliojitwika ulikuwa na kazi zake. Dukani walimpa chenji kwa kuiweka mezani. Mjukuu wa jirani aliyezoea kuletwa ashinde naye hakuletwa tena. Na mama mkwe, ambaye sasa aliona ni jukumu lake, alikaa naye kila asubuhi wakati wa chai. "Meza nione," alisema. "Nisije nikasikia hukumeza ukachoma nyumba." Basi Immakulata alikuwa anaweka kidonge mdomoni, anakificha chini ya ulimi, anakunywa chai juu yake. Kisha anatoka nyuma kwenye migomba, anakitema kiganjani, anakifuta kwa pindo la khanga, na kumpelekea mumewe chumbani. Avit alikuwa anakipokea, anakimeza kwa maji. Siku ya kwanza alimwomba msamaha. Baada ya wiki alikuwa anakimeza huku anasoma simu.

Muleba, Evodia alifurahi. Presha ilikuwa imeshuka, usingizi umerudi, kilo sita zimeongezeka. "Tutaendelea miezi mingine sita angalau, usije ukajidanganya umepona ukaacha," alimwambia Avit. Halafu akavua miwani akamgeukia Immakulata. "Na wewe, mama, mbona umeisha? Unalala?"

"Nalala," Immakulata alisema.

"Huyu hana shida," Avit alisema, akacheka. "Ni mchapakazi sana."

Evodia hakucheka. "Siku yoyote ukitaka kuja peke yako," alisema, "njoo."

*

Jumamosi moja ilikuwa zamu yao kupokea jumuiya. Watu kama ishirini walikaa kwenye viti na mikeka sebuleni, Gaudiosa na Kahangwa wakiwemo. Asubuhi yake Avit alikuwa amemwambia mkewe, bila kuulizwa, "Leo nitasema neno." Immakulata alivaa gauni lake la buluu. Alichana nywele.

Somo likasomwa, wakatafakari, wakafika kwenye maombi. Avit akasimama. Alikuwa amejaa mashavuni, shingo imerudi kuwa shingo.

"Wapendwa," alisema, "nyumba hii imepita kwenye giza, na leo nataka tuseme bila aibu. Sonona ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Mtu hana kosa kuupata, na dawa zake zipo." Immakulata aliinua uso. "Kwa hiyo namwombea mke wangu Immakulata, anayepambana nao. Bwana amponye, na mimi anipe uvumilivu wa kumuuguza. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakajibu wote.

Immakulata alisikia mdomo wake mwenyewe ukijibu pamoja nao. Kisha Avit akaanzisha wimbo, na kwa kuwa hawakuwa wamemsikia muda mrefu, wanawake wawili walilia. Mtu alisema Mungu ni mwema. Wakati chai inagawiwa, mama mkwe alimvuta Immakulata karibu akamwambia, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamaanisha wema, "Una bahati, mwanangu. Mwanaume mwingine angeshakurudisha kwenu Muleba."

"Ni kweli, mae," Immakulata alisema. Akatua birika, akaingia chumbani, akakaa huko kwa muda.

Alipotoka alikuwa amebeba mfuko wa nguo begani, na mkononi ana kikopo cheupe. Maongezi yalikatika kidogo kidogo, kona moja baada ya nyingine.

"Mae, naenda kwetu," alisema.

"Leo? Kliniki si mwisho wa mwezi?"

"Siendi kliniki. Naenda kukaa kwa mama yangu. Nahitaji kupumzika, sijui mpaka lini. Dawa zangu ninazo." Akakitikisa kikopo, kikalia.

Avit alikuwa amesimama katikati ya wageni, kikombe mkononi. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha Muleba mara tano, na mara zote tano aliambiwa kitakachotokea akikatisha ghafla. Alimtazama mkewe, akakitazama kikopo. Gaudiosa, aliyekuwa anajua kila kitu, aliinamia chai yake. Immakulata hakuwa na haraka. Aliuweka mfuko vizuri begani, akaifunga khanga upya, akampa mumewe nafasi yote ambayo binadamu anaweza kupewa. Neno moja lilimtosha.

Mzee mmoja alikohoa. Avit akatabasamu, akainua kikombe kidogo.

"Safari njema, Mama Anna," alisema. "Ukifika utupigie simu."

Immakulata akatoka. Barabarani, akisubiri pikipiki ya kumshusha mjini, alifungua kikopo, akatoa kahawa mbili, akaanza kutafuna. Alizichota kwenye kapu la mama mkwe, zile za kuwapa wageni. Vidonge vyote ishirini na vitatu alikuwa amevifunga kwenye karatasi pamoja na kadi ya kliniki, akaviweka chini ya mto wa Avit, kwa sababu hakuwa mtu wa kumwua mumewe kwa hasira. Avit angevikuta akienda kulala. Lakini alipokuwa anamtakia safari njema, alikuwa hajui hilo.